Mkono wa Nani? Upana wa Ukurasa wa Tovuti na Herufi ya Msomaji



Wazee wetu wa pwani walipima merikani na kaniki kwa mkono. Mkono mmoja ulianzia kwenye kiwiko ukaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, na minane ilikuwa doti, neno ambalo mama zetu wanalitumia hadi leo wakinunua khanga. Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba kila mtu alikuja nacho sokoni. Tabu yake ni kwamba kilizaa swali moja kila nguo ilipokunjuliwa: mkono wa nani? Wa muuzaji au wa mnunuzi? Mtu mrefu na mtu mfupi hawapati doti moja.

Dukani swali hilo lilileta mabishano. Katika kazi yetu ya kutengeneza kurasa, naliona kuwa swali lenye faida kuliko mengine yote, na ndilo lililonileta hapa. Kila mara mnapoandika upana wa ukurasa mnatumia mkono wa mtu fulani. Nataka kuwaomba mtumie mkono wa msomaji.

Nikisema ukurasa, nina maana ya ukurasa wa kusomwa: habari, hadithi, mawaidha, maelezo ya dawa, tangazo la mkutano wa ushirika. Michezo na ramani zina sheria zake. Ukurasa wa kusomwa una safu ya maneno, na usipoiwekea safu hiyo kikomo, kivinjari kitaitandaza kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye simu hutaona ubaya wowote. Nenda sasa kwenye kompyuta ya mezani yenye skrini ya pikseli 1,920 kwa upana, skrini ya kawaida kabisa maofisini. Vivinjari vingi huanza na herufi ya ukubwa wa pikseli 16. Herufi ya wastani, ukichanganya nyembamba kama i na nene kama m, huchukua upana wa karibu nusu ya ukubwa wake, yaani pikseli 8. Gawanya 1,920 kwa 8. Utapata herufi 240 katika mstari mmoja.

Jicho likifika mwisho wa mstari wa namna hiyo lina safari ndefu ya kurudi kushoto, na njiani linapotea. Linaangukia mstari uliokwisha kusomwa, au linaruka mmoja. Aliyezoea kusoma atavumilia aya mbili tatu. Asiyezoea ataufunga ukurasa akidhani kasoro ni yake, kwamba yeye si msomaji. Hilo ndilo linaloniuma. Tumewafukuza watu kwenye maandishi yao wenyewe kwa kusahau kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Wachapaji wa vitabu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Robert Bringhurst, mshairi wa Kanada na bingwa wa taaluma ya herufi, katika kitabu chake cha 1992 kiitwacho The Elements of Typographic Style, anasema mstari unaosomeka vizuri una herufi kati ya 45 na 75, na anaitaja 66 kuwa kadiri bora, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wote, toleo la 2008, katika ngazi yake ya juu kabisa unataka pawe na njia ya kuufanya mstari usizidi herufi 80. Angalieni wanapima kwa nini. Hakuna anayetaja inchi wala sentimita. Wote wanahesabu herufi, kwa sababu jicho linakwenda kwa herufi.

Sasa tupime wenyewe.

Njia ya kwanza, ambayo wengi wenu mmefundishwa, ni pikseli. Unaandika max-width: 528px, na ukipiga hesabu yangu ya nusu utaona umepata herufi 66 sawasawa. Umefaulu, ila kwa sharti moja: msomaji awe na herufi ya pikseli 16. Akiwa ameiambia kompyuta yake impe herufi kubwa, mstari unafupika; akiwa ameomba ndogo, unarefuka. Mkono uliotumika hapo ni wako wewe uliyekaa kwenye meza yako, na macho yako, na miaka yako.

Njia ya pili ni asilimia. Hapa nataka tukae kidogo, maana wengi wakisikia vipimo tegemezi vikisifiwa hukimbilia huku. Asilimia kweli ni kipimo tegemezi. Lakini tegemezi kwa nani? Andika upana wa asilimia 80. Kwenye ile skrini ya 1,920 utapata pikseli 1,536, yaani herufi 192 kwa mstari, na jicho litapotea vilevile. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, skrini ambayo tayari ni finyu, utapata 288, na pikseli 72 zimetupwa pembeni bure. Ulipohitaji kubana umeachia, na ulipohitaji kuachia umebana. Asilimia inategemea kisanduku kinachoizunguka safu, na kisanduku hicho mara nyingi kinategemea dirisha la kivinjari. Kipimo cha vw nacho ni hivyohivyo, sehemu moja ya mia ya upana wa dirisha. Huo ni mkono wa kiwanda kilichotengeneza skrini. Msomaji bado hajaulizwa.

Njia ya tatu ni em. Neno hili ni la wachapaji wa herufi za risasi: lilitaja ukubwa wa kipande cha risasi kilichobeba herufi, kwa hiyo herufi za pointi 12 zilikuwa na em ya pointi 12. Lugha ya mitindo ya tovuti, CSS, ililirithi kwa maana hiyohiyo. Em moja ni ukubwa wa herufi inayotumika mahali hapo. Andika max-width: 33em. Kwa msomaji wa herufi 16 safu itakuwa na pikseli 528, na mstari utabeba herufi 66. Kwa msomaji wa herufi 24 safu itapanuka hadi 792, na mstari utabeba herufi 66. Safu imekua pamoja na herufi, na mstari umebaki mstari uleule. Na kwa kuwa tumeandika kikomo, hatukuandika upana wenyewe, simu ya pikseli 360 haitalazimishwa kutafuta 528 isizokuwa nazo. Safu itajikunja ienee kwenye nafasi iliyopo. Kijalizo kimoja kidogo cha kuiweka katikati, margin: 0 auto, na kazi imekwisha. Msimbo wake ni mfupi hata naona haya kuwaita mkae saa nzima kuusikiliza, lakini kurasa zisizo nao ni nyingi mno.

Kuna historia hapa, na nitaipitia haraka kwa kuwa inaeleza kwa nini tulipotea.

Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo la kwanza la CSS. Ndani yake kulikuwa na sauti mbili: mtindo wa mwandishi wa ukurasa na mtindo wa msomaji, na kila mtindo uliweza kupewa asilimia ya uzito wake. Utaratibu wa asilimia uliachwa baadaye, lakini fikra ilibaki, kwamba msomaji ana haki ya kusema apendavyo na ukurasa uwe na masikio. CSS ya kwanza, aliyoiandika pamoja na Bert Bos, ilipitishwa Desemba 1996, na em ilikuwamo. Kikomo cha upana, max-width, kilikuja na CSS ya pili Mei 1998.

Shida ilikuwa vivinjari. Internet Explorer 6 ya 2001, iliyokuwa imejaa kila ofisi na kila mkahawa wa intaneti, haikuijua max-width kabisa. Ilibidi kusubiri toleo la 7, mwaka 2006. Katika miaka hiyo mafundi walishika pikseli: 760 kwa skrini ya 800, kisha 960 kwa skrini ya 1,024. Namba 960 ilipendwa kwa kuwa inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12 bila baki. Mwaka 2000 John Allsopp wa Australia alikuwa ameandika makala, A Dao of Web Design, akiwasihi wabunifu waache kuitendea tovuti kama karatasi. Wachache walimsikia. Simu ya iPhone ya 2007 ilikuja na skrini ya pikseli 320, na kivinjari chake kikalazimika kujifanya kina pikseli 980 ili kuzibeba kurasa zetu, kisha kuzifinya hadi herufi zikawa kama siafu. Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika kuhusu kurasa zinazoitika kwa skrini, na mambo yakaanza kubadilika. Lakini mkumbuke: kuitika kwa skrini ni nusu ya kazi. Nyuma ya skrini kuna mtu.

Mtu huyo mimi nilimjua kwa sura.

Nilikuwa nimetengeneza tovuti ya jarida dogo la fasihi. Msahihishaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyesahihisha Kiswahili kwa kalamu nyekundu kabla sijazaliwa. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kijana mmoja wa ofisi alikuwa amemwekea kivinjari chake herufi ya pikseli 24. Alifurahi sana na mpangilio ule. Barua pepe zilikuwa kubwa, habari zilikuwa kubwa. Nilipoifungua tovuti yangu mbele yake, nikamwona anatoa lenzi mfukoni, anaikaribia skrini mpaka pumzi yake inaweka ukungu kwenye kioo.

"Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "wengine wote nikiwaomba wananipa. Wako mbona hanisikii?"

Nilijua mara moja kosa liko wapi. Juu kabisa ya msimbo wangu, kwenye mzizi wa ukurasa, nilikuwa nimeandika font-size: 10px, ili hesabu zangu za rem ziwe nyepesi: rem 1 ni 10, rem 1.4 ni 14. Rem ni em inayohesabiwa kutoka kwenye mzizi wa ukurasa, na ni kipimo chema. Lakini mzizi wenyewe nilikuwa nimeugongomea msumari. Vipimo vyote vilivyofuata vilionekana tegemezi, na vyote vilitegemea namba kumi yangu. Ombi la yule mzee lilifika mlangoni likakuta pamefungwa.

Nikafuta mstari ule usiku huohuo, nikaweka maneno yasomwe kwa rem 1. Kesho yake herufi zikamfikia kwa ukubwa wake, 24. Nikadhani nimemaliza. Saa sita mchana akaniita tena. Mbele yake palikuwa na shairi, naye alikuwa ameshika kichwa.

"Nani amekata mishororo hii?"

Ili mwelewe alichokiona nimetunga mshororo mmoja kwa ajili ya leo, na uko kwenye karatasi mliyogawiwa:

Mstari ukirefuka, jicho linatangatanga

Hesabuni. Mizani nane upande wa kwanza, nane upande wa pili, jumla 16, mshororo wa kawaida wa shairi letu. Kwa herufi, pamoja na koma na nafasi, ni 38. Safu yangu nilikuwa nimeiwekea kikomo cha pikseli 440. Nilipoipima mwanzoni, kwa herufi yangu ya 14, ilibeba herufi kama 62, na kila shairi lilikaa kwa raha. Kwa herufi ya 24 safu ileile ya 440 ilibeba herufi 36. Mshororo wa 38 haukuenea. Neno la mwisho likadondoka chini peke yake, linatangatanga kwa kweli, na mshororo uliofuata ukaanzia chini yake. Ubeti wa mishororo minne ukawa na mistari minane, mirefu na mifupi ikipishana, na vina vya mwisho vimezama. Mzee aliyefundisha arudhi maisha yake yote alidhani mshairi ndiye aliyevunja kanuni.

Nimelikumbuka sana jambo hilo. Nilikuwa nimeifungua herufi nikaiacha safu imefungwa. Vitu hivyo viwili ni ndugu, haviwezi kuishi kwa sheria mbili.

Najua swali lililo vinywani mwenu, kwa sababu ni swali zuri na nililiuliza mimi mwenyewe. Vivinjari vya siku hizi vinakuza ukurasa mzima: unabonyeza vitufe viwili, pikseli zote zinakua pamoja, herufi na safu. Kwa nini tuhangaike na em? Jibu ni kwamba kuna njia mbili za kuomba maandishi makubwa, na wasomaji wanazitumia zote. Mmoja anakuza ukurasa, na hapo pikseli na em zinakwenda sambamba, sikatai. Mwingine, kama yule mzee, anabadili ukubwa wa herufi kwenye mipangilio mara moja, kisha anasahau kwamba kuna mipangilio. Huyu wa pili pikseli zinamwacha njiani. Em inawahudumia wote wawili, kwa gharama ileile ya kuandika herufi mbili badala ya nyingine mbili.

Na hata yule wa kwanza hajasalimika ukimwandikia upana badala ya kikomo. Skrini ya pikseli 1,280 ikikuzwa kwa asilimia 400, kwa hesabu ya ukurasa imebaki na pikseli 320, sawa na simu ndogo. Safu iliyoandikwa width: 960px itatoka nje ya dirisha, na msomaji atasukuma ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari, kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Mwongozo wa W3C wa 2018 ulichagua namba hiyohiyo, 320, kuwa upana ambao ukurasa unapaswa kujikunja ndani yake bila kumlazimisha mtu kusukuma pande mbili.

Wengine wanaandika ukubwa wa herufi kwa vw peke yake, wakipenda vichwa vya habari vinavyokua na dirisha. Nawasihi msifanye hivyo. Msomaji akikuza ukurasa, herufi ya vw haikui, maana dirisha halijabadilika. Mtu anabonyeza, anabonyeza, na maneno yamekaa palepale. Changanyeni vw na rem ndani ya hesabu moja, ili ombi la msomaji lipate pa kushika.

Sasa mambo machache ya fundi kwa fundi.

Em inahesabiwa kwa herufi ya mahali pale, na mtoto hurithi kwa mzazi. Orodha yenye herufi ya em 0.9, ndani yake orodha nyingine ya em 0.9, ndani yake ya tatu: mnashuka 0.9, 0.81, 0.73, mpaka herufi zinamalizika. Vivyo hivyo kikomo. Ukikiandika max-width: 33em kwenye kichwa cha habari chenye herufi maradufu, umekipa upana wa em 66 za maandishi ya kawaida, na kichwa kitavuka safu iliyo chini yake. Mimi kikomo nakiandika kwenye kisanduku kimoja kinachobeba makala yote, si kwenye kila aya, na kama kisanduku hicho kina herufi zake tofauti natumia rem.

Kuna pia ch, upana wa tarakimu 0 katika fonti iliyopo. Inavutia, kwa sababu inajua kama fonti ni nyembamba au nene, jambo ambalo em hailijui. Lakini sifuri katika fonti nyingi ni pana kuliko herufi ya wastani, kwa hiyo 66ch hubeba herufi nyingi kuliko 66. Anzeni na 58 au 60. Na fonti ikichelewa kufika kwa mtandao wa kusuasua, ch inahesabiwa kwa fonti ya akiba, kisha inahesabiwa upya fonti halisi inapofika, na safu inaruka mbele ya macho ya msomaji. Kwa sababu hiyo mimi bado ni mtu wa em.

Zile namba za kuamua lini safu ya pembeni ikae kando na lini ishuke chini, nazo ziandikeni kwa em. Katika masharti hayo em inahesabiwa kwa herufi aliyoichagua msomaji kwenye kivinjari, hata kama ninyi mmebadilisha mzizi wa ukurasa. Sharti la 48em kwa msomaji wa herufi 16 ni pikseli 768. Kwa yule mzee wa 24 ni 1,152. Dirisha lake likiwa la 1,024, safu ya pembeni itashuka chini na kumwachia makala nafasi. Ukurasa umemtendea kama mtu mwenye skrini ndogo, na kwa herufi zake, skrini yake kweli ni ndogo.

Nije kwenye Kiswahili, maana miongozo niliyoitaja haikuandikwa kwa lugha yetu. Maneno yetu yanabeba sentensi nzima. "Hawajatuandikia" ni neno moja la herufi 15. Mstari wa herufi 66 unaweza kubeba maneno manane tu, na mstari wa 30 hautoshi hata maneno mawili ya namna hiyo. Kwa hiyo sisi hatuumizwi sana na ukomo wa juu kama tunavyoumizwa na ufinyu. Mkizidi kubana mkidhani mnafuata ushauri wa wazungu, ukingo wa kulia utakatika-katika kama pwani yenye miamba. Na mkijaribu kuunyoosha kwa kupanga kingo zote mbili, maneno yatasukumwa mbalimbali na mapengo meupe yatateremka katikati ya aya. Pangeni kushoto, acheni kulia palivyo. Safu ya em 32 hadi 35 nimeiona ikikaa vizuri kwa nathari yetu, na chini ya em 20 nisingependa kwenda isipokuwa simu imenilazimisha. Kiandikeni pia kitambulisho cha lugha, sw, juu ya ukurasa, ili programu inayowasomea wasioona isije ikatamka maneno yetu kwa ulimi wa kigeni.

Shairi linataka kitu zaidi, na hapa narudi kwa mzee wangu.

Nilibadili kikomo cha 440 kikawa 31em. Kwa herufi yake ya 24 safu ikawa ya pikseli 744, mishororo ikaenea, akashusha pumzi. Lakini niliwaza simu. Kwenye skrini ya 360, ukiacha pambizo za 16 kila upande, zinabaki 328, herufi kama 41. Mshororo wetu wa 38 unapita kwa shida. Msomaji akikuza herufi hadi 20, nafasi ni ya herufi 32, na mshororo utakatika tu. Hakuna kikomo cha upana kinachoweza kuzuia hilo. Skrini imekwisha.

Kama lazima ukatike, basi ukatike wapi? Washairi wetu walikwisha kujibu karne nyingi zilizopita. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kati yao pana kituo ambapo mghani anavuta pumzi. Nikavifunga vipande hivyo kila kimoja kwenye kisanduku chake cha inline-block, visanduku viwili kwa mshororo. Nafasi ikitosha vinakaa bega kwa bega. Isipotosha, kivinjari hakigusi ndani ya kipande. Kinakishusha cha pili kizima chini ya cha kwanza:

Mstari ukirefuka,
jicho linatangatanga

Kwa kuwa kipande kimoja mara nyingi hakizidi herufi 20 au 21, kinaenea hata kwa herufi kubwa sana kwenye simu ndogo. Vina vya kati vinapangana na vya mwisho vinapangana, kila kimoja ukingoni mwake. Ukurasa umejifunza kukata mahali mghani anapokata.

Nikamwita mzee aje aone, nikampunguzia dirisha mpaka likawa jembamba kama simu, herufi zake 24 zikiwa palepale. Vipande vikashuka kimoja kimoja. Alivuta kiti nyuma. Lenzi ilikuwa mezani, hakuigusa. Akaanza kulisoma shairi kwa sauti, taratibu, kidole kikigonga meza kwa kila mizani, ubeti wa kwanza, wa pili. Katika ubeti wa tatu kidole kikasimama.

"Mwanangu, leta kalamu. Mshororo wa pili, utao. Mizani saba."

Nikahesabu. Zilikuwa saba.